Majani Manne ya Viertel Drei

Nilifika Dresden mwezi wa Oktoba nikiwa na cheti cha Kijerumani cha kiwango cha B1 na kiburi cha mtu aliyemaliza kitabu. Jinsia tatu za maneno yao hazikunitisha. Aliyekulia kwenye ngeli hababaishwi na der, die na das. Msichana kwao ni das Mädchen, si wa kike wala wa kiume, kisa neno lenyewe linaishia na -chen. Haya. Mbona sisi tunaye kijana, ambaye umbo lake ni la kitu na upatanisho wake ni wa mtu?

Kilichonitoa jasho ni saa.

Wiki ya pili nilikuwa bado nalala hosteli, natafuta chumba. Ukishahamia una wiki mbili za kujiandikisha manispaa, na unatakiwa uende na karatasi iliyosainiwa na mwenye nyumba. Ndiyo maana chumba cha kudumu ni roho ya mwanafunzi mgeni. Mwenye chumba mmoja mtaa wa Löbtau akanipigia simu. Aliongea mbio, nikadaka namba ya nyumba na maneno mawili: viertel drei. Viertel ni robo, drei ni tatu, na tatu yao ya mchana ni tisa yetu. Basi, saa tisa na robo. Nilijipongeza kwa kuipiga hesabu hiyo bila kalamu.

Saa tisa na dakika tano nikashuka kwenye tramu, mapema kabisa. Mbele ya nyumba moja bibi mmoja alikuwa anafagia majani makavu. Nikamuuliza kama hapo ndipo namba 64.

"Nu," akajibu.

Nikajua amekataa. Nikashukuru, nikatembea hadi mwisho wa barabara, namba zikizidi kupanda, nikageuza. Bibi bado yupo. Nikauliza tena. "Nu, nu!" Safari hii akagonga ukuta kwa mpini wa fagio, pale pale ilipoandikwa 64. Kumbe kwa watu wa Saksonia, jimbo lenye Dresden, nu ni ndiyo. B1 yangu haikuwa na habari hizo.

Nikabonyeza kengele, kimya. Nikamweleza bibi kwamba nimeitwa viertel drei. Akatazama saa yake ya mkononi, akacheka hadi akaliegemea fagio. Halafu akaokota majani manne, akainama mbele ya ngazi. Mbili ikishagonga, akasema polepole, saa ya tatu ndiyo inaanza kujaa. Akaweka jani la kwanza: viertel drei. La pili: halb drei. La tatu: dreiviertel drei. La nne: drei.

Yaani niliitwa saa nane na robo. Nilikuwa nimewahi dakika kumi kwenye miadi iliyopita karibu saa nzima nyuma. Chumba kilishapata mtu.

Si Wajerumani wote wanaohesabu hivyo. Kaskazini-magharibi wanasema viertel nach zwei, robo baada ya mbili, na huo ndio mtindo wa kitabu changu. Tangu siku ile, nikipewa miadi kwa simu naomba niandikiwe kwa tarakimu, 14:15, hata kama naonekana mshamba.

Novemba, nikiwa nimeshapata chumba kwingine, nilianza kubadilishana lugha na mwanafunzi mwenzangu anayejifunza Kiswahili. Saa moja Kijerumani, saa moja Kiswahili. Ijumaa moja nikamwandikia kwa Kiswahili kitupu: tuonane kesho kwangu saa kumi. Akajibu, "Sawa kabisa."

Jumamosi asubuhi simu ikanigutusha usingizini. "Nipo mlangoni," aliandika. "Nimewahi dakika tano!" Ilikuwa 9:55.

Nikashuka na blanketi mabegani, nikaanza kuokota majani. Nilihitaji sita.