Pembe ya Wanja

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Tafakari ya wiki hii naiandika nikiwa na mimba ya wiki 34, mtoto ni wa kike, na mwezi mzima sasa mimi na baba yake tunatafuta jina. Yeye anataka jina refu lenye kuimba, Serafina, Evangelina, Theodora, Anastasia, analitamka taratibu jioni kama mtu anaonja kitu. Mi nilikua nimeshachagua langu moyoni na sikumwambia. Wengine wenu mnajua tulimzika mtoto wetu wa kwanza akiwa na siku tisa tu, na mi nilitaka huyu abebe jina linalosema hayo, jina la machozi, ili kila atakayemwita ajue tumepita wapi.

Ndo Roho akanipeleka Ayubu 42. Ile sura nimeisoma mara nyingi ila siku zote nikifika pale mwisho naisoma mbio mbio, kondoo 14,000, ngamia 6,000, amina, nafunga Biblia. Safari hii nikakwama mstari wa 14: "Akamwita jina la wa kwanza, Yemima, na jina la wa pili, Kesia, na jina la wa tatu, Keren-hapuki."

Hebu litamke hilo la tatu kwa sauti, usilikimbize. Keren-hapuki.

Yemima wengi wanalielewa kua ni njiwa, Kesia ni gome la kunukia, ndugu yake mdalasini, na Keren-hapuki ni pembe ya wanja, yaani kile chombo cha kuwekea wanja wa machoni. Wanja jamani! Na aliyewapa mabinti zake hayo majina ni Ayubu, yule mzee aliyekaa kwenye majivu anajikuna na kigae, aliyeilaani siku aliyozaliwa sura ya tatu nzima, aliyepoteza watoto 10 kwa siku moja nyumba ilipowaangukia. Kama kuna mzazi aliyekua na haki ya kumpa mtoto jina la msiba ni yeye, na hakuna ambaye angemlaumu. Maana wapo waliofanya hivyo. Raheli akiwa anakata roho alimwita mwanae Benoni, mwana wa uchungu wangu, Yakobo ndo akabadilisha akasema hapana, Benyamini. Mke wa mwana wa kuhani Eli naye alimwita wake Ikabodi, utukufu umeondoka, na yule hakupata wa kumbadilishia, kabaki nalo hadi leo tunalisoma.

Sasa mi nakaa hapo kwenye wanja. Mwanamke yeyote anajua, hupaki wanja ukiwa unalia, utachuruzika wote mashavuni. Wanja unapakwa siku macho yamekauka. Kwaiyo Ayubu anapomshika yule binti na kumwita pembe ya wanja, mi nasikia baba anayesema humu ndani sasa kuna macho makavu, na kayaweka hayo kwenye jina la mtoto badala ya machozi yake. Nililia niliposoma hapo, nikafunga Biblia nikalia sana, maana nilijiona nilivyotaka kumtwisha mwanangu mzigo ambao ni wangu mimi, na yeye hata hajazaliwa.

Na sisemi Ayubu alisahau. Angalia, mifugo yote alirudishiwa mara mbili, lakini watoto ni wale wale saba wa kiume na watatu wa kike, hawakuongezwa. Mi naamini ni kwa sababu wale wa kwanza hawakufutwa kwenye hesabu, bado ni wake. Hata wangu wa siku tisa bado ni wangu, ana jina lake, halihitaji kuazima la mdogo wake.

Kuna dada kwenye fellowship yetu aliniambia usihangaike, jina refu watu watalikata tu. Ni kweli watalikata, Serafina ataitwa Fina na maisha yataendelea. Ila nikamkumbuka binti wa nabii Hosea, aliyeitwa Lo-ruhama, asiyerehemiwa, mtoto mchanga amebebeshwa dhambi za taifa zima, halafu sura ya pili Mungu mwenyewe analikata lile jina, anaondoa ile "Lo" mbele inabaki Ruhama, amerehemiwa. Kwaiyo hata kukatwa jina si lazima iwe hasara.

Lakini mi nimeanza kulipenda refu kwa sababu moja, haliitiki haraka. Ukiwa na hasira huwezi kulirusha kama jiwe, pumzi inabidi itulie kidogo lipite lote. Sefania 3:17 inasema Mungu "atakufurahia kwa kuimba". Nawaza kama yeye anatuimbia hivyo, na sisi tunaweza tukamwita mtoto kwa jina lenye wimbo ndani yake, asubuhi akiamka na hata siku amekosea.

Tumebakiwa na mawili. Serafina, kutoka kwa wale maserafi wa Isaya 6 wanaoitana Mtakatifu, Mtakatifu, Mtakatifu. Na Anastasia, ambalo kwa Kigiriki ni ufufuo. Baba yake anaegemea la kwanza, mi la pili, tunaomba, na ninyi mtuombee hizi wiki zilizobaki.

Kitu kingine nimekiona juzi tu, mstari wa 16. Ayubu baada ya hayo yote aliishi miaka 140. Wale wana saba hatuambiwi hata jina la mmoja, ila hawa mabinti watatu majina yao tunayo na urithi baba aliwapa pamoja na kaka zao. Nawaza tu jioni zote hizo, mzee yuko mlangoni, mvi kichwa kizima, anaita ndani taratibu, Keren-hapuki, Keren-hapuki mwanangu, njoo.