Jinsi nilivyoifanya divai ichachuke bila hamira ya dukani
Kwa misimu 2, maji ya zabibu za shamba langu, ambayo sikuyatia hamira ya dukani, yalikaa siku 4 bila povu, kisha yakaanza kunuka siki. Kuyakoroga na kulifunika pipa kwa blanketi hakukusaidia.

Msimu huu, siku 5 kabla ya mavuno, niliponda ndoo moja ya zabibu safi zilizoiva, nikaziacha kwenye nyuzi 22 za Selsiasi mpaka zikachachuka kwa nguvu, ndipo nikazimimina pipani. Kilichonusuru kazi, naamini, ni kipimajoto: nilisubiri kwanza tofauti ya joto kati ya ndoo na pipa ishuke chini ya nyuzi 10, kwani chachu hai hudhoofika ikiingizwa ghafla kwenye baridi. Povu lilionekana asubuhi iliyofuata.