Lumbesa haiishi kwa mkulima mmoja kugoma

Tazama gunia la viazi linalopakiwa Uyole, Mbeya: mdomo umeachwa wazi, juu limeongezwa kilemba cha viazi vya ziada na kushonwa kwa kamba. Hiyo ndiyo lumbesa. Chukulia gunia ni shilingi 70,000. Likiwa na kilo 100, kilo ni shilingi 700; likifika 130, inashuka hadi 538 hivi, na kilo 30 zimeondoka bure. Inauma!

Mkulima akigoma peke yake, dalali anahamia shamba la jirani, na viazi vilivyokwisha kuchimbwa havingoji. Soko halijirekebishi hapo. Kanuni za vipimo zinakataza kufungasha zaidi ya kilo 100, lakini ukaguzi wa barabarani unakuta mkulima ameshapunjwa. Mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo ikae kijijini, palepale gunia linaposhonwa, na bei itajwe kwa kilo.