Fielder na rimu kubwa: simama kwenye 16

Toyota Fielder ya NZE141 (hiyo ni namba ya chesisi) ambayo hutoka na tairi za 195/65R15, wengi wakiitia rimu kubwa huruka moja kwa moja hadi inchi 17, maana ndizo zinazojaza fenda. Kwa barabara zetu za Mombasa, inchi moja ya ziada yatosha, na sababu iko ubavuni mwa tairi.

Piga hesabu. Hiyo 65 ni asilimia ya upana: 195 mara 0.65 ni milimita 126.75, huo ndio ubavu. Uzidishe kwa mbili, ongeza rimu (15 mara 25.4, yaani 381), upate kimo cha gurudumu: milimita 634.5. Tairi mpya isipishane na kimo hicho kwa zaidi ya asilimia 2 hadi 3, la sivyo mita ya spidi itakudanganya. 205/55R16 ni 631.9, karibu sawa kabisa. 215/45R17 ni 625.3, nayo imo, ila ubavu wake ni milimita 96.75 tu. Umetupa sentimita 3 za mto uliokuwa ukiikinga rimu. Sasa toka Nyali kwenda Mtwapa usiku, mvua ya Mei imenyesha, shimo limejaa maji na halionekani. Ukingo wa shimo huubana ubavu kwenye rimu, nyuzi za ndani zikakatika, na asubuhi unakuta kivimbe kama yai. Kivimbe hakizibwi. Tairi hiyo ni ya kutupa hata kama meno yake bado mapya.

Ukiuziwa 205/65R16 ukaambiwa "ni ileile tu", kataa. Kimo chake ni 672.9, zaidi kwa asilimia 6, na itasugua fenda.

Kwenye rimu ndiko watu huumizwa zaidi. NZE141 ina stadi 5 (vyuma vyenye uzi vinavyofungiwa nati) kwenye duara la milimita 100, ndiyo maana huandikwa 5x100. Rimu za 5x114.3 zimejaa madukani na kwa macho huwezi kuzitofautisha, kwa hiyo nenda na rula: kutoka katikati ya tundu moja hadi katikati ya tundu la jirani, 5x100 husoma milimita 58.8 na 5x114.3 husoma 67.2. Fundi akikwambia atailazimisha iingie, ondoka. Na usichanganye na Fielder ya NZE161, ambayo ni 4x100 na tairi 175/65R15; hiyo mwenzake kwa inchi 16 ni 185/55R16, lakini soma namba ya uzito. Ya asili ni 84, yaani kilo 500 kwa tairi moja; 185/55R16 nyingi ni 83, kilo 487. Gari la kubeba mizigo ya sokoni litafutie yenye 84 au zaidi.

Habu, yaani kitovu ambacho rimu hufungwa juu yake, hutokeza katikati kwa upana wa milimita 54.1. Rimu nyingi za dukani huwa na tundu la kati la 73.1 ili ziingie magari mengi, ndipo usukani unapotetemeka ukifika kilomita 80 kwa saa na watu wakalaumu balansi. Dawa ni pete za kujaza nafasi hiyo. Chukua za alumini. Za plastiki zaweza kuharibika kwa joto la breki.

Ofseti, yaani milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu, imepigwa chapa nyuma ya rimu, ET na namba; J ni upana wa rimu kwa inchi. Ukitoka 6J ET45 kwenda 7J ET38, uso wa nje unasogea nje kwa milimita 19.7 na wa ndani unasogelea shoki kwa 5.7. Kabla ya kulipa, funga rimu moja mbele na moja nyuma, pakia watu watano, zungusha usukani hadi mwisho pande zote mbili, kisha pita tuta polepole ukisikiliza.

Nati nazo. Nyingi za rimu za alumini za Toyota zina washa bapa, ilhali rimu nyingi za dukani zinataka nati ya koni ya digrii 60. Nati bapa kwenye tundu la koni hushika ukingoni tu, na hulegea. Uzi ni M12x1.5: nati iingie angalau mizunguko 8 kwa mkono. Kaza kwa msalaba hadi Nm 103, ukaze tena baada ya kilomita 100.

Hewa yetu ya chumvi ina balaa lake: alumini na chuma hulana hadi rimu ikang'ang'ania habu. Sugua habu kwa brashi ya waya, paka grisi nyembamba kwenye sehemu ya kati inayotokeza tu, usiguse uso wake wala stadi.

Upepo pima asubuhi kabla ya kutembea, ukianzia na kibandiko cha mlango wa dereva. Tairi iliyopigwa jua la Changamwe husoma juu. Ukiipunguza hapo, kesho itakuwa chini.

Spea ya zamani ya 195/65R15 ibaki, kimo chake kinalingana. Ikiwa ni ya alumini ya Toyota, weka nati 5 za zamani butini.