Maji na giza: kubana video za Lamu bila kuziharibu

Chukua dakika moja ya jahazi likikata mbele ya Shela, na dakika moja ya mzee akizungumza barazani. Zibane zote kwa HandBrake (programu ya kubana video), kodeki ya x264 (kibanio kinachotoa video za H.264), CRF 21, yaani kipimo cha ubora. Faili la jahazi litatoka kubwa zaidi, pengine mara kadhaa. Programu haijakosea. Kodeki huokoa nafasi kwa kuhifadhi kilichobadilika tu kati ya fremu na fremu. Ukuta wa baraza hautikisiki, mawimbi hayatulii.

Kwa hiyo kumwambia mtu "weka kbps 2000" (bitireti, yaani kilobiti 2000 kwa kila sekunde) ni kumpoteza. Mzee wa barazani zitamtosha, lakini bahari itageuka vijiraba. CRF hushika ubora na kuliacha faili lijipangie ukubwa. Kipimo ni 0 hadi 51, namba ikishuka ubora hupanda, na kushuka hatua 6 karibu hulifanya faili mara mbili. Kwa 1080p anza 20 hadi 22. Jaribu kwanza kile kipande kigumu kuliko vyote, sekunde 60 za maji yanayometameta, si salamu za mwanzo. Namba hizo usizihamishie x265 (kodeki mpya zaidi, ya H.265), kipimo chake ni kingine. Kasi ya "slow" inatosha. "Veryslow" ni ya mwenye umeme wa bure.

Usiku ni balaa kuliko bahari. Maulidi au harusi iliyopigwa kwa simu chini ya taa chache hujaa chenga, na kila chenga kodeki huiona kitu kipya cha kuhifadhi. Kushusha CRF hapo ni kulipia chenga. Weka kichujio cha kupunguza chenga, NLMeans, kwa kiwango chepesi (kinachelewesha kazi sana, vumilia). Ukikizidisha, matundu ya kofia za vito huyeyuka na nyuso zinakuwa za nta. Weusi ukitoka mabaka mabaka, ongeza aq-mode=3 (huyapa maeneo ya giza biti zaidi) kwenye kisanduku cha chaguo za ziada.

Simu nyingi hurekodi fremu zisizo na mwendo mmoja, ndiyo sababu ya qasida kuachana na midomo video ikishaingia kwenye uhariri. Chagua mwendo usiobadilika: ya simu fremu 30 kwa sekunde, ya kamera iliyopigwa 25 iache 25, maana kuilazimisha 30 huleta mshtuko kamera inapogeuka. Kamera za zamani za 50i (zinazorekodi kila picha kwa nusu mbili za mistari) huacha mistari kama meno ya kitana. Iondoe kabla ya kupunguza vipimo vya picha. Ukitanguliza kupunguza, haitoki tena.

Bitireti ina mahali pamoja tu pa kutumika: faili likilazimika kuenea mahali fulani. Flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32 haipokei faili la zaidi ya gigabaiti 4. Harusi ya saa 3 ni sekunde 10,800, gigabaiti 3.9 ni kilobiti 31,200,000. Gawanya, upate 2,888. Toa 160 za sauti ya AAC, uweke 2,700 kwa mapitio mawili (programu huipitia video mara mbili). Iwe MP4, H.264 ya biti 8, maana televisheni nyingi za zamani hazisomi H.265.

Na ukituma video fupi kwa WhatsApp, itume kama hati. Ukiituma kama video itabanwa upya, na maji ndiyo yatakayoharibika kwanza.