Jumapili ya mbio na Mzee wangu

Watu wakisikia mimi ni saisi, mtunza farasi wa mbio, pale Ngong Racecourse Nairobi, wanadhani kazi ni kushika kamba na kupigwa picha, sasa wacha niwape Jumapili yangu yote.

Saa kumi na nusu alfajiri niko kwa banda. Kabla ya salamu, kabla ya chai, mkono unaenda mguu wa mbele wa kushoto wa farasi wangu, kwa ile kano ya nyuma chini ya goti. Natafuta joto. Ikiwa baridi na ngumu kama waya, tuko sawa. Ikiwa ya moto, hakuna mbio, hata kama mwenye farasi amealika ukoo mzima. Leo iko baridi. Mzee (jina la banda hilo, la kwenye programu ni refu hata mimi hulikosea) ananisukuma na pua anataka oti zake.

Saa kumi na mbili namtembeza tu, siku ya mbio hatukimbizi asubuhi. Kijana mpya ananiuliza kwa nini farasi aliyeshinda hivyo bado anakimbia akiwa na miaka minane, si yule Frankel wa Uingereza alistaafu akiwa na minne? Nikamwambia sikiza, Frankel alikimbia mara 14 akashinda zote 14, kutoka 2010 hadi 2012, halafu akapelekwa kuzalisha, na msimu wa kwanza kumpandia jike mmoja ilikuwa pauni 125,000. Mzee wetu alihasiwa akiwa mdogo sababu alikuwa mkorofi, sasa huko hana kazi, riziki yake ni miguu tu. Kijana akanyamaza, nadhani alimwonea huruma.

Saa nne natoa nyasi kwa hori maana tumbo likijaa hakimbii vizuri. Hapo Mzee hukasirika kabisa, anapiga mlango teke, na kusema ukweli nikiwa yeye pia ningepiga.

Saa sita naosha kwato, nachana mkia, naweka hatamu. Mwaka juzi alinikanyaga kidole hapa hapa na ukucha haujawahi kurudi vizuri, lakini si makosa yake, mimi ndio nilikuwa naangalia simu.

Saa tisa kasorobo tunazunguka ringini watu wakituangalia. Farasi akishinda sana anaongezewa uzito, wanaweka vipande vizito vya madini ya risasi kwa tandiko ili wale wengine nao wapate nafasi, kwa hivyo leo Mzee amebeba kuliko wote na kuna farasi mtoto wa miaka mitatu amebeba kidogo sana nyuma yake. Nikampandisha joki, nikawaachilia.

Mita 1,600. Haifiki hata dakika mbili. Mimi husimama kwa reli na siangalii nani yuko mbele, naangalia vile anaweka ule mguu. Kwa kona alikuwa wa tano, kunyooka akasonga, sauti za watu zikapanda, nikajikuta napiga kelele kama mwendawazimu. Wa tatu. Yule mtoto akashinda. Joki akashuka akasema amejitolea yote, na ilionekana, mapua yalikuwa wazi kama vikombe (farasi hapumui kwa mdomo, hewa yote inapita hapo).

Jioni ni kutembeza hadi jasho likauke, maji kidogo kidogo, mpira wa maji baridi miguuni dakika ishirini, udongo wa kupoza miguu, bandeji. Mimi nilikula ugali saa mbili nikiwa nimesimama.

Saa tatu usiku nikarudi na tochi, nikafungua bandeji. Mguu wa kushoto una uvuguvugu. Nikashika wa kulia nilinganishe, nikarudi kushoto, nikapuliza mikono yangu kwanza maana ilikuwa baridi, nikashika tena. Mzee amelaza kichwa begani mwangu amelala nusu.

Nikampigia bosi.