Alhamdulillah kwa kazi hii

Wiki hizi kazi imenichosha kweli. Mteja anataka nembo iwe kubwa, kesho anataka ipunguzwe, keshokutwa anasema turudi kwenye ile ya kwanza. Malipo nayo ni ahadi tu. Wabunifu wenzangu wa michoro mnanielewa.

Jana nilienda Kariakoo kwa mchapaji kuangalia lebo za asali za kikundi cha kina mama wa Tabora. Ile rangi ya asali ilikuwa imeninyima usingizi. Kwenye kompyuta rangi ni mwanga, lazima ing'ae. Kwenye karatasi, kwa kawaida una wino wa aina nne tu: samawati, majenta, njano na nyeusi. Dhahabu yangu ilikuwa inatoka kama udongo. Fundi wa mashine hakusema mengi. Akapunguza wino mweusi, akachapa tena, tukatoka na karatasi hadi mlangoni kuitazama juani, wino bado unanukia. Safari hii ikakaa sawasawa!

Nikamtumia picha mwenyekiti wao. Akanijibu kwa ujumbe wa sauti: "Mwanangu, sasa na sisi asali yetu itakaa dukani." Walikuwa wanauza barabarani kwenye chupa za maji zilizokwisha tumika, hata jina hazina. Ile sauti nimeirudia sijui mara ngapi.

Yule mteja wa nembo bado hajaridhika, na leo namchorea nyingine. Naichora kwa moyo mmoja. Na wewe fundi wa Kariakoo, Mungu akuzidishie.